Semina za ulinzi wa mtoto kanisani: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Tuna fedha za semina moja tu. Tuwafundishe watoto au walimu wa shule ya Jumapili? (Mzee wa kanisa, Chumbageni)

Anza na mchungaji na nyinyi wazee. Makanisa mengi hukusanya watoto, yakawafundisha kukataa na kusema, kisha mtoto akisema anakuta wakubwa hawajui wampeleke wapi. Huyo hatasema tena. Tengeni nusu siku ya viongozi, na wasitoke bila kuandika na kusaini nani anapokea taarifa (wawe wawili, mmoja mwanamke), inafikishwa wapi siku hiyohiyo, na kwamba anayetuhumiwa anaondolewa kwenye huduma ya watoto mara moja, hata akiwa mchungaji mwenyewe. Wafuate walimu, walezi wa kwaya, dereva na mlinzi. Watoto wawe wa mwisho.

Namba ya kutoa taarifa ni ipi?

116, haikatwi salio. Swali hili linarudi kila mara, na linanihuzunisha, maana namba hii ilipaswa kuwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kanisa. Ibandikeni leo.

Mtoto wa kwaya ameniambia kiongozi mmoja anamshikashika. Uongozi unataka familia iombwe radhi yaishe, kanisa lisichafuke. Niliseme kwenye semina ya mwezi ujao? (Mwalimu, Makorora)

Mwalimu, usingoje semina, wala usilitaje humo. Watu watamtambua mtoto kabla ya chai. Nenda leo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Huhitaji kibali cha mchungaji, wala huna kazi ya kuthibitisha.

Usimhoji mtoto mara ya pili, na wazee wasithubutu kumkalisha mbele ya mtuhumiwa "wapatane". Andika maneno yake kama alivyoyasema, basi. Ikiwa kuna dalili ya kuingiliwa, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, afikishwe hospitali ya Bombo upesi: dawa za kuzuia VVU zinafaa ndani ya saa 72 tu.

Uongozi utakwambia hakuna shahidi. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli, ushahidi wake peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani. Na hiyo radhi ya bahasha, inayopokewa na baba huku mtoto akiwa chumba cha pili, ndiyo iliyowaacha wengi waendelee kuongoza kwaya. Sala iendelee, ila taarifa itangulie.

Washiriki wanadai posho, la sivyo hawaji.

Nauli kwa wanaotoka mbali, chai na chapati kwa wote. Mlezi asiyekuja bila bahasha, mtafuteni mwingine. Afisa ustawi na askari wa dawati waandikieni barua mapema. Kuelimisha jamii ni sehemu ya kazi yao.

Tuwapige watoto picha za kuwatumia wafadhili?

Hapana. Pigeni ukumbi na wakufunzi.

Madrasa iko ukuta kwa ukuta na kanisa. Tuwaalike walimu wake? (Ngamiani)

Waalikeni, na semina ifanyike ukumbi wa shule ili kila mtu awe huru. Watoto ni walewale, wanacheza uwanja mmoja.

Tunapeleka vijana kambi Lushoto Desemba. Tumeshafanya semina, inatosha?

Haitoshi. Wasichana na wavulana walale majengo tofauti, kila jengo na walezi wawili wa jinsia yao. Asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, iwe kwenye gari au kwenye maombi ya faragha. Njia ya chooni iwe na taa. Kila mzazi apewe simu ya mtu asiye kiongozi wa kambi. Mkikosa walezi wa kutosha, punguzeni idadi ya vijana au ahirisheni.