Macho yanayojifunga yenyewe: kabla ya kununua matone ya nne

Ndugu uliyeuliza juu ya mama yako wa Birere, hapa Goma, ambaye macho yote mawili yanajifunga akitoka juani na matone ya aina tatu hayajamsaidia: macho yenyewe huenda hayana kosa. Ugonjwa huu wa kope kukazana na kujifunga zenyewe, blefarospazimu, unatoka kwenye ubongo, sehemu inayoongoza misuli. Ndiyo maana akilala unatulia.

Tofautisheni kwanza. Kope moja ikicheza siku chache ni uchovu, kahawa au kukosa usingizi. Itapita, wala haitangazi mgeni wala msiba. Uso ukivutwa upande mmoja, jicho pamoja na mdomo, huo ni ugonjwa mwingine: mara nyingi mshipa wa damu unabana neva ya uso.

Tiba yenye nguvu zaidi ni sindano ya botulini, dawa inayolegeza misuli, kwenye msuli unaofumba jicho. Inaanza kushika baada ya siku chache, inafika kilele ndani ya wiki 2, inadumu miezi 3 hivi. Kwa botulini ya aina ya Botox, kipimo cha kuanzia ni yuniti 1.25 hadi 2.5 kila inapochomwa. Kwenye kope ya juu ichomwe pembeni. Ikichomwa katikati inafikia msuli unaoinua kope, na kope inaanguka kwa wiki kadhaa. Kwa hapa Goma, ulizeni bila aibu: umeme ulipokatika, chupa ilikaa wapi? Botox inataka frigo ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24. Iliyopata joto hupoteza nguvu, halafu mgonjwa anaambiwa ugonjwa wake ni sugu. Semeni pia kama anachomwa gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa kuwa inazidisha nguvu ya botulini.

Vumbi letu la mawe ya volkano linachochea mikazo, kwa hiyo miwani ifunike hadi pembeni. Ndani ya nyumba avue ile nyeusi: jicho likizoea giza, mwanga unazidi kuuma. Vioo vya rangi ya waridi huwafaa wengi. Machozi ya bandia yanapunguza ukavu. Wengine wakigusa paji la uso, wakiimba au wakitafuna, macho hufunguka kwa muda. Atafute mbinu yake kabla ya kuvuka barabara yenye moto (pikipiki) nyingi.

Matone ya kotizoni msijinunulie farmasi, yanaweza kupandisha presha ya jicho hadi kuharibu uoni. Na mpelekeeni daktari dawa zote anazomeza: metoklopramidi ya kichefuchefu, kwa mfano, inaweza yenyewe kuleta mikazo ya namna hii.