Kuuza Volks ya zamani iliyokarabatiwa: mnunuzi aambiwe nini?

SWALI:
Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi ni mkazi wa Magomeni, Dar es Salaam. Marehemu baba aliacha Volks (Volkswagen Beetle) ya mwaka 1972, aliitumia zaidi ya miaka ishirini, kisha ikakaa uani muda mrefu. Niliipeleka kwa mafundi Gerezani: imenyooshwa bodi, imepigwa rangi, imefungwa injini nyingine. Sakafu chini ya kiti cha nyuma ilikuwa imeoza; fundi akaziba kwa bati na puti, juu tukatandika zulia jipya. Sasa kuna mtu wa Masaki anaitaka. Dalali anasema tutangaze "orijino, kilomita 38,000 tu, adimu duniani, inauzwa kama ilivyo", mengine ninyamaze kwani mnunuzi ana macho. Pia ana mwenzake atakayejifanya mteja ili bei ipande. Nimetumia kama milioni 7, nataka milioni 16. Je, ni halali?

JIBU:
Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mola akulipe kheri kwa kuuliza kabla ya kupokea pesa.

Faida unayoitaka si tatizo. Urwa al-Bariqi alipewa dinari moja na Mtume (s.a.w.) amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akamrudia Mtume na mbuzi na dinari mkononi. Mtume hakumkemea, bali alimwombea baraka katika biashara yake, kama ilivyo katika Bukhari. Milioni 16 ni jambo la maridhiano kati yako na mnunuzi.

Kinachonitia hofu ni lile zulia. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula linalouzwa, akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenyewe, "Nini hiki?" Akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia: kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi. Tazama kwamba yule muuzaji hakusema neno la uongo. Kosa lake ni kwamba kikavu kilikuwa juu na kibichi chini, naye anajua. Zulia lako linafanya kazi hiyohiyo.

Na si kasoro ndogo. Betri ya Volks inakaa chini ya kiti cha nyuma, asidi yake hula bati taratibu, na hewa ya chumvi ya mji wetu humalizia. Fundi wa Volks atafunua hapo kwanza, lakini mtu aliyependa rangi hatafunua. Tena sakafu ya gari hili ni sehemu ya chesisi yenyewe, na puti haibebi mtu. Siku likigongwa atakayekuwa amekalia kiti hicho huenda ni mtoto. Ama likatwe bati lililooza lichomelewe jipya, ama ulinyanyue zulia mbele ya mnunuzi, umwoneshe kwa kidole. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi ya Uqba bin Amir, aliyoipokea Ibn Majah, kwamba si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu ila ambainishie. Ikiwa mnunuzi si Muislamu, usidhani umepata ruhusa. Kughushi ni haramu kwa yeyote.

"Kama ilivyo" haikuokoi. Imam Malik amepokea katika kitabu chake Muwatta kwamba Abdallah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kwa Khalifa Uthman, naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza, mtumwa hakuwa na ugonjwa alioujua yeye. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea tena mtumwa wake. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i sharti hilo humtoa muuzaji kwenye kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, na wewe umejua. Mnunuzi akiigundua kasoro hiyo baadaye ana haki ya kukurudishia gari na kuchukua pesa zake.

Kuhusu mita: Volks za miaka ile zina tarakimu tano, ikipita 99,999 inaanza sifuri upya. Gari lililomhudumia baba yako zaidi ya miaka ishirini halikuishia 38,000, na neno "tu" linamfanya mnunuzi aamini hivyo. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga chuchu mnyama siku kadhaa ili aonekane ana maziwa mengi sokoni. Mita hii ni hivyohivyo. Mwambie imezunguka, na hujui mara ngapi.

"Orijino" liondoeni, maana injini si yake. Nenda TRA kadi isomeke namba ya injini iliyomo, usimtwishe mwenzako shida hiyo. "Adimu duniani" pia liondoeni: Volks za umbo hili zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, za mwisho Mexico mwaka 2003. Sema barabarani kwetu yamebaki machache, injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Hizo ni sifa za kweli na zinatosha kuuza.

Yule mteja wa kujifanya ni najshi, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua, na Mtume (s.a.w.) ameikataza katika hadithi ya Ibn Umar kwa Bukhari na Muslim. Dalali aking'ang'ania, tafuta mwingine.

Limebaki moja ulilolipita haraka. Gari ni la marehemu, na hukutaja kwamba mirathi imegawanywa. Kama haijagawanywa, mama na ndugu zako wana fungu ndani yake, na huwezi kuuza fungu lao bila ridhaa yao hata kama ukarabati wote ni wa mfuko wako. Kaa nao kwanza, waoneshe risiti za Gerezani, mkubaliane utarejeshewa kiasi gani katika zile milioni 7, kinachobaki kigawanywe kwa mafungu ya kisheria. Baada ya hapo ndipo umpigie simu mtu wa Masaki.

Wallahu a'lam.