Ile gimu mliyoiona kwenye picha

Ndugu zangu, nimesikiliza ujumbe wa sauti wa dada mpaka mwisho, na nimesoma yote mliyoandika chini ya ile picha niliyopigwa kando ya bwawa la kuogelea, ndani ya gimu ya chuo. Mnasema huku Marekani mwanafunzi anapewa kila kitu: bwawa bure, gimu bure, uwanja wa kukimbilia wenye paa, na mtu anayeishi hivyo akisema mwezi huu hana cha kutuma, basi amebadilika. Dada naye anasema kuna wakala ameahidi kumtafutia mpwa wangu ufadhili kamili wa riadha, ila anataka alipwe kwanza, na mazungumzo ya kuuza kipande cha shamba yameshaanza. Maneno hayo yameniuma, na hilo la shamba limeninyima usingizi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjatia saini popote.

Bwawa si la bure. Kila muhula chuo kinaniletea bili, na chini ya karo kuna msururu wa ada nyingine: ya kituo cha mazoezi, ya timu za chuo, ya afya, ya teknolojia. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mimi siogelei. Umeogelea, hujaogelea, unalipa, na ukibaki na deni husajiliwi muhula unaofuata. Katika baadhi ya vyuo vya umma vya Virginia, ada ya timu peke yake imevuka dola 2,000 kwa mwaka, na anailipa hata yule ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani. Kule Baton Rouge, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana kilipanua kituo chake cha mazoezi kwa karibu dola milioni 85, na mwaka 2017 kikafungua mto wa kutengenezwa, wa watu kuelea juu ya maji, uliochimbwa kwa umbo la herufi LSU, kifupi cha jina la chuo. Fedha zilitoka kwenye ada za wanafunzi. Mto wenyewe unapendeza, sibishi. Lakini kijana aliyekopa ili asome uhandisi naye ameuchangia, apende asipende.

Wanajenga hivyo kwa sababu vyuo vinagombania wanafunzi, na mzazi anayekuja kutembezwa lazima apitishwe kwenye gimu. Timu nazo, ukiacha zile za vyuo vichache vikubwa, hazijitoshelezi kwa tiketi na fedha za televisheni. Pengo linazibwa na chuo na ada zetu.

Tena viwanja vyenyewe ni vya aina mbili. Ule wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, mnaotumiana video zake, Michigan Stadium, unaingiza watu zaidi ya 107,000, na ni wa timu. Wanamichezo wa timu wana gimu yao, madaktari wao, mara nyingi hata ukumbi wao wa kulia. Hapa kwetu kadi yangu haifungui mlango huo, taa inabaki nyekundu. Sisi wengine tuna kituo chetu, nacho kizuri, nakitumia na nashukuru. Januari theluji inapofunika kila kitu na jua linazama saa kumi na moja jioni, ile njia ya kukimbilia ya ndani ndiyo iliyoniokoa na upweke. Kwa hiyo sisemi hakina faida. Nasema kina bei, na bei hiyo hamkuiona kwenye picha.

Na humo humo ndimo ninamofanyia kazi. Visa ya mwanafunzi, F-1, inaniruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. Nafuta mashine za kukimbilia kwa dawa ya kunyunyiza. Nakusanya taulo mbichi za jasho, nazifua kwa mashine, nazikunja zikiwa bado za moto, na rundo likipinda msimamizi analivunja lote nianze upya. Jioni moja mtu ninayesoma naye uzamili alirusha taulo yake kapuni kwa kuipitisha juu ya kichwa changu, bila hata kunitazama. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tumekaa meza moja tukijadili kazi ya profesa. Sikusema kitu. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha, na ndiyo iliyonunua dawa za mama.

Kima cha chini cha mshahara cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Majimbo mengi yameweka chao cha juu zaidi, mengine yamebaki pale pale. Pigeni hesabu wenyewe: saa 20 kwa kima hicho ni dola 145 kwa wiki, kabla ya kodi ya mapato. Toeni pango, toeni chakula, toeni simu hii ninayowaandikia. Mimi nalipwa juu kidogo ya hapo, na bado mwezi hauishi salama. Mkiniambia nitafute kibarua cha pili mtaani kama wanavyofanya wengine, mnaniambia nivunje masharti ya visa. Nikikamatwa, masomo yanakatika, na karo yote iliyokwisha kulipwa imepotea. Nikinyamaza mwezi mmoja si kwamba nimewasahau. Nawawaza kila siku, na kuna usiku najilaumu kwamba mama anaumwa mimi niko mbali nakunja taulo za watu.

Sasa wewe mpwa wangu, najua na wewe unasoma hapa.

Njia ipo, na watu wetu wameipita. Suleiman Nyambui alikimbilia chuo kikuu cha El Paso, Texas, na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mwaka 1978. Edward Cheserek alikusanya mataji 17 ya vyuo vya Marekani akiwa Oregon. Hayo mnayasimuliana. Lakini Rono huyo huyo baadaye alipitia miaka migumu mno hapa hapa Marekani, akiishi kwa vibarua, na kuna wakati alikosa hata pa kulala. Hayo hayasimuliwi, na wewe unapaswa kuyajua.

Ufadhili wa riadha mara nyingi huja vipande vipande. Kocha ana mfuko mmoja na wakimbiaji wengi, kwa hiyo huyu anapata nusu ya karo, yule anapata vitabu na chakula. Vyuo vya Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, havitoi kabisa ufadhili kwa ajili ya michezo. Wala vile vya Ivy League, kama Harvard na Yale. Vyenyewe vikitoa msaada vinaangalia uwezo wa familia. Na hata ukibahatika kupewa vyote, ile sehemu ya malazi na chakula inahesabiwa kuwa kipato. Mwanafunzi wa kigeni hukatwa asilimia 14 ya sehemu hiyo, na Kenya, Uganda na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Watu wanashtuka wanapodaiwa kodi ya wali waliokwisha kula. Tangu Julai 2021 Mmarekani wa timu yako anaweza kulipwa kwa matangazo ya biashara. Wewe masharti ya F-1 yanakubana, uwe na mbio kumshinda namna gani. Vyuo vingi vinatoa ufadhili mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo goti likigoma mazungumzo na kocha yanabadilika. Likizo ikifika bweni linaweza kufungwa pamoja na jiko lake, na nauli ya kurudi nyumbani hakuna aliyekuahidi.

Kwa hiyo usije. Maliza shule, soma chuo cha hapo, kimbia hapo. Kuna makocha wazuri kuliko wa huku, na mama yako atakuona.

Lakini ukipata chuo kilichokuandikia barua inayotaja karo, malazi, chakula na bima ya afya, kila kimoja kwa dola zake, njoo hata kesho, nitakupokea mwenyewe uwanja wa ndege na koti. Bima usiidharau, katika vyuo vingi inavuka dola 2,000 kwa mwaka na ndiyo inayosahauliwa kwenye hesabu. Chuo hakikupi fomu ya I-20, ile ya kuombea visa ya mwanafunzi, mpaka kione fedha za mwaka wa kwanza mzima, ama za ufadhili ama za familia. Baada ya hapo kuna dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali unaoandikisha wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la visa, na ukinyimwa visa hizo 185 hazirudi. Hizo nitazilipa mimi. Msiniulize nitazitoa wapi, nitazitoa.

Dada, huyo wakala asipewe hata senti. Kocha wa chuo hamtozi mtu fedha ili ampe ufadhili, kazi yake ni kutafuta wakimbiaji, na anwani yake ya barua pepe iko kwenye tovuti ya chuo, anaisoma mwenyewe. Kijana anaweza kumwandikia bila kupitia kwa mtu. Shamba lisiguswe, hata kwa rehani. Na kama mnunuzi ameshatoa kitangulizi, mrudishieni wiki hii, nitachangia nitakachokuwa nacho.

Mpwa wangu, kabla ya kupokea fedha za zawadi kwenye mbio zozote za barabarani, niulize kwanza, maana zinaweza kukuletea shida na NCAA. Halafu nitumie matokeo yako ya mita 1,500 yenye tarehe na jina la mashindano, yaliyopimwa na waamuzi, si yale ya kupimana kwa simu na rafiki zako. Na vyeti vyote vya shule, pande zote mbili, picha isiwe na kivuli. Jumapili niko zamu mpaka saa nane mchana wa huku. Nikitoka tutakaa tuandike barua ya kwanza pamoja.