Riba ya Kodi: Pinga Hesabu, Usiombe Huruma

Wiki iliyopita nilipokea barua ya mamlaka ya kodi ikinijulisha kwamba riba yote ya kuchelewa kulipa kodi niliyokuwa nikidaiwa imefutwa, na kwa kuwa wasomaji kadhaa wamekuwa wakiniuliza kama riba inapingika, naona ni wajibu wangu kueleza.

Kodi iliyoletewa riba hiyo niliilipa benki kabla ya tarehe ya mwisho, lakini malipo yakaingizwa katika mwaka mwingine, hivyo mwaka mmoja ukaonekana una deni huku mwingine ukiwa na ziada, na riba ikawa inapanda kila mwezi. Ofisa wa kwanza niliyemweleza alinijibu, bila hata kuitazama risiti, kwamba mfumo haukosei. Jibu lile linaniuma hadi leo. Niliomba taarifa kamili ya akaunti yangu, nikaupata mstari wenyewe: tarehe sahihi, kiasi sahihi, namba ya malipo ileile iliyo kwenye risiti, ila safu ya mwaka ilionyesha mwaka uliotangulia. Pingamizi langu lilishikilia mstari huo tu.

Riba si adhabu, ndugu zangu. Adhabu yaweza kusamehewa kwa sababu ya ugonjwa au msiba, lakini riba huchukuliwa kuwa fidia ya serikali kwa kukaa bila fedha zake, kwa hiyo masimulizi ya shida mara nyingi hayaigusi. Kinachoigusa ni tarehe, kiwango na deni la msingi, yaani kodi yenyewe. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria inaweka asilimia 1 kwa mwezi, riba hiyo haizai riba nyingine, wala haipaswi kuzidi kodi yenyewe. Marekani, riba hulimbikizwa kila siku, yaani riba huzaa riba. Usipoijua kanuni ya kwako, utajuaje kwamba umezidishiwa?

Sehemu ya kodi usiyoibishania ilipe mara moja ili riba yake isimame. Pingamizi liwe la maandishi, ndani ya muda uliotajwa kwenye notisi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tunzeni risiti, nasema tena, tunzeni risiti, maana haki isiyo na karatasi haisikilizwi dirishani.

Riba ikifutwa, omba taarifa mpya ya akaunti, kwa sababu barua hutangulia na mfumo hufuata baadaye. Yangu bado inaonyesha deni lilelile, nami nitaendelea kuiandikia mamlaka hadi lirekebishwe.