Wanepali na Waserbia wa Wollongong: tunachoweza kujifunza kwao kabla ya kufunga mabegi

Watu wanaoniandikia kutoka Dar, Mombasa na Bujumbura wakitaka kuja Australia huwa wanauliza jambo moja: mbona Wanepali wanafanikiwa sana huko? Na waliokwisha kufika hapa Wollongong, mji wa viwanda kusini mwa Sydney, wana swali lao: mbona hawa wazee wa Kiserbia, waliokuja bila cheti na bila Kiingereza, wana nyumba zao wenyewe, na sisi wenye shahada bado tunapanga chumba?

Nayajibu yote mawili kwa pamoja kwa sababu maisha yangu yamekaa katikati ya watu hawa. Nilikuja kutoka Tanga kusomea uuguzi, na kazi yangu ni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wakazi wengi wa pale walitoka Yugoslavia ya zamani, Waserbia wakiwemo. Wanaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani usiku wengi ni Wanepali, pamoja na sisi Waafrika wachache. Yupo mzee mmoja ambaye ugonjwa wa kusahau umemfuta Kiingereza chote, amebaki na Kiserbia tu. Mwenzangu wa Kinepali amejifunza maneno anayoyahitaji: maji, inauma, polepole. Mzee ana alama ya kuungua kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, kumbukumbu ya miaka yake kwenye tanuru la kiwanda cha chuma. Binti anayemshika mkono huo anadaiwa ada ya chuo ya muhula ujao. Ukiwaangalia hao wawili, swali la nani amefanikiwa zaidi halina jibu la mkato.

Tuanze na takwimu. Sensa ya 2006 ilikuta Wanepali wasiofika 5,000 Australia nzima. Ya 2021 ikakuta zaidi ya 122,000 waliozaliwa Nepal. Wengi ni vijana, wana elimu ya chuo, wako kazini, na ni wapangaji. Waserbia waliozaliwa huko kwao ni wachache na umri umewatupa mkono. Wengi wamestaafu, waliotangulia hawakuwa na elimu kubwa, lakini nyumba wanazokaa walishazimalizia deni. Sasa mtu akichukua kipato cha kijana wa miaka ishirini na minane akakilinganisha na cha mstaafu wa themanini, kisha akasema kabila hili linajituma kuliko lile, amelinganisha umri na nyakati. Tabia ya watu hajaigusa.

Kinachowatofautisha kwanza ni mlango walioingilia.

Waserbia walikuja kwa mawimbi. La kwanza ni la baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 1947 Australia ilichukua watu waliokwama kwenye kambi za Ulaya, na miongoni mwao walikuwa Waserbia wasiotaka kurudi chini ya Tito, mtawala wa Kikomunisti wa Yugoslavia. Sharti lilikuwa kufanya kazi miaka miwili popote serikali itakapokupeleka: mabwawa ya umeme ya milima ya Snowy, reli, migodi, viwanda. La pili lilifuata mkataba wa 1970 kati ya Australia na Yugoslavia, uliofungua njia kwa vibarua na familia zao. Hawa ndio waliojaa Port Kembla, bandari ya hapa Wollongong yenye kiwanda cha chuma. Kiwanda hicho kiliajiri zaidi ya watu 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hukuombwa shahada wala mtihani wa lugha. Uliombwa mwili wenye nguvu na kuvumilia joto.

Wazee wenyewe husimulia jinsi nyumba zilivyopatikana. Familia mbili au tatu zilikaa chini ya paa moja, baba akienda zamu ya usiku na mama ya mchana, ovataimu haikataliwi, na kila senti iliingia kwenye deni la nyumba ya kwanza. Ikiisha, wanahamia kusaidia ya pili. Nyumba ile ilinunulika kwa mshahara wa kiwandani. Leo Sydney bei ya kati ya nyumba imepita dola milioni moja kitambo, na hata Wollongong hapakamatiki. Ndugu yangu, usijichukie kwa kushindwa kufanya kwa mshahara wa leo kilichofanyika kwa bei za 1975.

Na hao Waserbia nao hawakuteleza kwenye siagi. Mwaka 1982 na 1983 kiwanda kilipunguza maelfu ya watu, na aliyekuwa na mikono tu bila lugha wala cheti ndiye aliyekaa nyumbani muda mrefu kuliko wote. Wanawake wahamiaji walikuwa wamebaguliwa kwenye ajira za kiwanda hicho tangu mwanzo. Walianza kampeni yao mwaka 1980 na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Australia, ambayo mwaka 1989 iliamua kwa upande wao. Mwaka 2011 tanuru moja kubwa likazimwa, watu wengine wakatolewa. Waliokuwa wameshamaliza deni la nyumba walisimama. Waliokuwa wanapanga waliyumba. Hapo ndipo ninapouona umuhimu wa nyumba kwa mhamiaji: inakulinda kazi inapokukimbia.

Wimbi la tatu ndilo ninalotaka ndugu zetu kutoka Kivu na Burundi walitazame vizuri. Miaka ya 1990 vita vya Bosnia na Kroatia viliwamwaga hapa Waserbia wa aina nyingine: wahandisi, walimu, wahasibu. Walikuja kama wakimbizi, na wengi waliishia kusafisha ofisi au kuendesha teksi kwa sababu vyeti vyao havikutambuliwa. Wengine waliendelea kungoja siku cheti kitakapokubaliwa chenyewe, miaka ikaenda. Wengine walirudi darasani mapema, hata kwa kozi ya chini ya walichokuwa nacho, na hao ndio waliopanda.

Kwa hiyo kama umekuja na viza ya kibinadamu ya kudumu, wewe unafanana na Mserbia wa 1995 kuliko Mnepali wa leo, na una vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa Kinepali anavilia. Una masomo ya Kiingereza ya bure, na ule ukomo wa zamani wa saa 510 uliondolewa mwaka 2021. Na unaruhusiwa mkopo wa serikali wa ada ya chuo kikuu, unaourudisha kidogokidogo mshahara ukifika kiwango fulani. Inaniuma kuona kijana wa Uvira ameacha darasa la lugha mwezi wa tatu ili akafunge nyama kiwandani usiku. Najua kuna watu kambini wanaosubiri pesa yake, sidharau hilo hata kidogo. Lakini kazi ya kiwandani itakuwepo mwakani, na kichwa cha kusoma kinachoka mapema.

Mnepali aliingia mlango mwingine kabisa: wa mwanafunzi anayejilipia. Nyuma yake kulikuwa na vita vya ndani vya 1996 hadi 2006, ajira hakuna, na nchi ambayo zaidi ya moja ya tano ya pato lake ni fedha zinazotumwa na walioko nje. Familia iliuza au kuweka rehani shamba ili mtoto mmoja aende. Mlango huo ndio huohuo Mkenya na Mtanzania wengi wanaugonga, na umezidi kuwa mzito. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ilikuwa dola 710 za Australia. Julai 2024 ikawa 1,600, Julai 2025 ikawa 2,000, na hairudishwi ukinyimwa. Tangu Mei 2024 unatakiwa kuonyesha dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada ya chuo na nauli. Ukishafika, muhula ukiwa unaendelea unaruhusiwa kufanya kazi saa 48 tu kwa wiki mbili. Kwa kima cha chini cha dola 24.95 kwa saa kilichoanza Julai 2025, hiyo haifiki dola 1,200 kwa wiki mbili kabla ya kodi ya serikali. Toa pango, chakula na usafiri. Wakala akikuambia utalipa ada kwa kubeba boksi, mwombe akuandikie hesabu hiyo kwenye karatasi mbele yako.

Sasa, Wanepali wanafanyaje? Nimefanya nao kazi kwa ukaribu na nina majibu, japo kuna sehemu ya maisha yao nisiyokushauri kuiiga.

Wanachagua kozi kwa kuangalia itawafikisha wapi, na hawaoni haya kuulizana. Kabla mtu hajalipa ada ameshaongea na waliomtangulia kwenye kozi hiyohiyo: nani alipata ukaazi wa kudumu, kwa alama ngapi kati ya zile serikali inazohesabu kwenye maombi, jimbo gani. Sydney ikijaa wanahamia Hobart, kule Tasmania, au Darwin, kwa sababu kudhaminiwa na jimbo kunaongeza alama 5, na viza ya mikoani inaongeza 15. Leo Tasmania Kinepali ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi baada ya Kiingereza. Sisi tunang'ang'ania mji alipo binamu, hata kama hakuna kazi. Wollongong nayo, tangu Novemba 2019, inahesabiwa mkoani kwa mambo ya viza, na bado nakutana na Watanzania wa Sydney wasiojua hilo.

Halafu wana dhukuti. Ni upatu wenyewe, chama chenyewe, kama tunavyoucheza Tanga na Nairobi. Mwenzangu alinionyesha kwenye simu yake jedwali lao: majina, mwezi wa kupokea, aliyebadilishana zamu na nani kwa sababu ya ada. Tofauti na upatu wetu mwingi wa huku ni kwamba pesa ya dhukuti ile ina kazi kabla haijatoka. Inalipa muhula, mtihani wa lugha, au usajili kwenye bodi ya wauguzi. Upatu wetu ukitoka, nusu inakwenda kwenye harusi au kumalizia ukuta wa nyumba kijijini ambayo hakuna anayekaa. Jengeni nyumbani, lakini ukaazi uje kwanza.

Nisichokushauri kuiga ni uchovu wao. Niliowafahamu wengi wanapata usingizi wa saa nne tu kwa siku, wanakaa wengi kwenye nyumba moja bila mkataba, wanakubali kulipwa mkononi chini ya kima kwa kuogopa kupoteza viza. Bosi akikuambia ufungue namba ya biashara ili akulipe kama mkandarasi wakati unafanya usafi kwa saa anazokupangia yeye, jua amekwepa likizo yako, bima yako na akiba ya uzeeni ambayo mwajiri anatakiwa kukuchangia, sasa asilimia 12 ya mshahara. Akiba hiyo ni yako hata ukiwa mwanafunzi. Ukiondoka nchini moja kwa moja unaidai, ingawa serikali inakata asilimia 35. Nimeona watu wamerudi Nairobi wakaiacha bila kujua ipo.

Na mlango unaweza kufungwa ukiwa umeshaingia nusu. Februari 2010 serikali ilifuta orodha ya fani zilizokuwa zinapewa kipaumbele, na maelfu ya wanafunzi wa upishi na ususi, Wanepali wakiwemo, wakabaki na deni la kozi isiyowapeleka popote. Julai 2024 umri wa kuomba viza ya kufanya kazi baada ya kuhitimu ukashushwa kutoka 50 hadi 35 kwa wengi. Kaka wa miaka 37 anayetaka kuja kusoma shahada ya uzamili lazima alijue hilo kabla ya kuuza kiwanja. Soma fani ambayo hata ukirudi nyumbani itakulisha.

Waserbia wana kitu kimoja ambacho Wanepali bado wanakijenga na sisi hatujakianza: vitu vya pamoja vinavyodumu. Kanisa, ukumbi, timu ya mpira kama White Eagles ya Bonnyrigg, Sydney, shule ya Jumamosi ya lugha, vikundi vya ngoma ambako vijukuu waliozaliwa hapa bado wanacheza kolo, ngoma yao ya duara. Mzee akifiwa, ukumbi upo. Sisi tukifiwa tunachangishana upya kwenye WhatsApp kila mara, na anayejua kuongea ndiye anayepata zaidi.

Lakini vitu hivyo viligawanyika pia. Mwaka 1963 Kanisa la Kiorthodoksi la Kiserbia ughaibuni lilipasuka pande mbili kwa sababu ya siasa za Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, na maridhiano yakaja 1992. Kwa karibu miaka thelathini kulikuwa na ndugu waliosali makanisa tofauti na kuzikana kwa shida, kwa ugomvi wa nchi waliyoiacha maelfu ya maili nyuma. Wacongo, Warundi na Wanyarwanda mlioko hapa, nawaomba kwa moyo wote mliangalie hilo kabla ya kusajili jumuiya ya tatu katika mji mmoja.

Jambo la mwisho linawahusu wanaokusanya alama za ukaazi. Kuna mtihani wa ukalimani wa lugha za jamii unaotolewa na NAATI, taasisi ya Australia inayothibitisha wafasiri na wakalimani, na ukiufaulu unapata alama 5. Wanepali wanaufanya kwa wingi na wana vikundi vya kuandaana jioni. Kiswahili kimo kwenye orodha. Wengi wetu tunaudharau kwa kuona tunakijua Kiswahili tangu kuzaliwa, kisha mtu anapewa mazungumzo ya daktari na mgonjwa, au mwenye nyumba na mpangaji, anakosa maneno. Jifunzeni istilahi za hospitali, mahakama na benki kwa lugha zote mbili, wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akitafsiri papo hapo.