Ni wa Iceland, si Ireland

Kwenye ule ubishi wa kama bendi iliyoimba Little Talks ni ya Ireland au Iceland, jibu ni Iceland, mkuu. Of Monsters and Men ni vijana wa huko huko, na mwaka 2010 walishinda Músíktilraunir, shindano la bendi chipukizi ambalo hufanyika Reykjavík kila mwaka. Nadhani watu wanawapeleka Ireland kwa sababu majina ya nchi yanafanana na wanaimba Kiingereza, lakini ukiona jina la mwimbaji wao, Nanna Bryndís Hilmarsdóttir, ubishi umekwisha. Hayo ni majina ya Iceland kabisa.

Kuhusu aliyesema walivumishwa na Marekani, hapo kuna ukweli kidogo. Albamu yao ya kwanza, My Head Is an Animal, ilitoka kwao 2011, ikafika Marekani 2012 na kushika nafasi ya 6 kwenye Billboard, chati ya muziki ya huko. Redio za kule ndizo zilizoupiga wimbo wa Little Talks kutoka albamu hiyo mpaka ukakolea.

Uchangamfu wa wimbo huo sikiliza unavyotoka: tarumbeta linafungua, ngoma inadunda kama ya maandamano, halafu kundi zima linapiga kelele "hey!" kwa pamoja, huku Nanna na Ragnar Þórhallsson wakipokezana beti. Ila usidanganyike na mdundo. Wimbo wenyewe ni wa majonzi, mazungumzo ya wapenzi wawili ambao mmoja wao ameshafariki. Mimi nilishaurukia sana kwenye sherehe kabla sijasikiliza mashairi.