Samaki wanahema juujuu na joto ndo kwanza limeanza

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi nakaa Mbagala, Dar es Salaam, nina tenki la samaki la lita 80 sebuleni, ndani kuna godifishi wanne na gapi kama kumi. Tangu Januari imeingia samaki wanashinda juu ya maji midomo wazi, hasa kuanzia saa nane mchana. Nikanunua kipimajoto cha kubandika kwenye kioo, jana saa tisa kilisoma digrii 32. Nyumba ni ya bati na haina silingbodi. Aliyeniuzia tenki aliniambia niwe natupia barafu, nikafanya hivyo siku tatu, godifishi mmoja akafa na mwingine saivi ana vidoa vyeupe. Mwanangu wa miaka sita akitoka shule anakimbilia kuwaangalia kabla hata hajavua viatu. Nifanyeje, na hela ya mashine ya kupoozea maji sina.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Barafu acha kuanzia leo. Nakwambia hivi kwa uchungu kwa sababu na mi nilishafanya kosa hilohilo hapa Tanga miaka ya nyuma, mwezi wa pili, nikatumbukiza mabonge ya barafu mchana nikaona maji yamepoa nikafurahi, usiku yakarudi palepale, kesho nikarudia, na ndani ya wiki nikawa nimewazika samaki watano chini ya mpapai. Hawakufa na joto wale. Walikufa kwa kupandishwa na kushushwa.

Fanya hesabu kidogo uone. Chupa ya lita moja na nusu ikigandishwa ukaiweka kwenye maji lita 80 inashusha kama digrii mbili nzima, na kwa muda mfupi. Ukiweka mbili au tatu kwa mpigo umewashusha samaki digrii nne mpaka sita kabla hujamaliza kuosha vyombo, alafu jioni bati linawapandisha tena. Samaki hana joto lake mwenyewe la mwili kama sisi, maji yakiwa 32 na yeye ndani ni 32, sasa ukimyumbisha hivyo kinga yake inaanguka na ndo hapo ule ugonjwa wa vidoa kama chembe za chumvi unapomvamia.

Kingine ambacho wengi hawakijui, samaki akihema juujuu wakati wa joto mara nyingi shida kubwa ni pumzi. Maji ya digrii 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 yanabeba kama 7 na nusu tu, na wakati huohuo mwili wa samaki kwenye joto unaenda mbio na unataka hewa nyingi zaidi. Yani mahitaji yanapanda na hewa inapungua. Kwa hiyo hata kabla hujashusha digrii moja, wape hewa. Kama una pampu ya mapovu iwashe saa ishirini na nne, na kama una filta, ile mashine ya kuchuja maji, inyanyue mdomo wake uwe juu kidogo ya maji ili maji yaanguke kwa kishindo na kuvuruga uso wa tenki. Ule uso ndo pua ya tenki lako, hewa inaingilia pale.

Haya, kupooza sasa. We umekulia kwenye nyumba yenye mtungi? Maji ya mtungini yalikuwa yanapoa bila friji kwa sababu mtungi unatoka jasho, yale maji yanayopaa yanaondoka na joto. Tenki lako lina uwezo huohuo ila umelifunika. Toa kile kifuniko cha plastiki, weka kipande cha chandarua ukikaze na mpira au vibanio vya nguo samaki wasiruke, kisha tafuta feni ndogo ya mezani uielekeze ipulize juu ya maji kwa kupitiliza, isipige kioo. Kwa maji yako yale, kila mililita 140 hivi zinazopaa, ambayo hata glasi haijai, zinabeba joto karibu la kushusha tenki zima digrii moja. Utaona mchana maji yameshuka digrii mbili mpaka tatu, na yanashuka polepole kwa saa kadhaa, samaki hashtuki.

Ila nikuambie ukweli, pwani feni haifanyi kazi kama Dodoma. Siku ile unaanika nguo asubuhi na jioni bado mbichi kwenye kamba, ujue na tenki siku hiyo halipoi sana, hewa imeshajaa unyevu haina pa kuuweka mwingine. Siku kama hiyo ukifika 29 shukuru Mungu, usilazimishe. Fungua madirisha hewa ipite maana ukifunga chumba unyevu wa tenki unabaki humohumo unazunguka.

Waya wa feni uache ulegee ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza ndo upande kuchomekwa, maji yakitiririka kwenye waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye soketi. Na feni ifungwe imara, una mtoto wa miaka sita humo ndani. Alafu angalia kama tenki lilikuja na hita, kile kifaa cha kupasha maji joto, wengi wanaichomeka tu kwa sababu ilikuwa kwenye boksi, sasa we Mbagala mwezi wa kwanza hita ya nini, chomoa. Taa nayo izime mchana, washa jioni masaa machache ili mwanao aone samaki wake. Na lisikae karibu na dirisha linalopigwa na jua wala nyuma ya friji.

Maji yatakuwa yanapungua kila siku, ongezea, lakini yawe yamekaa kwenye ndoo wazi angalau siku nzima ili klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu kwenye maji ya bomba, iondoke na yawe na joto la pale ndani. Na usidhani kuongezea ni sawa na kubadilisha. Ushaona birika la nyumbani linavyoganda utando mweupe ndani? Maji yanapaa, chokaa inabaki, na tenki ni hivyohivyo, hasa kama mnatumia ya kisima. Kila wiki toa kama robo uweke mengine.

Chakula punguza nusu. Hili usilipuuze, kwenye joto mabaki yanaoza upesi, yanatoa amonia, na amonia hiyohiyo kwenye maji ya moto sehemu yake iliyo sumu inakuwa kubwa kuliko kwenye maji ya baridi. Mpe kidogo kile atakachomaliza kwa dakika moja au mbili, basi.

Yule mwenye vidoa usimtoe, ugonjwa umeshasambaa kwenye maji yote. Chukua chumvi ya kawaida gramu 2 kwa kila lita, kwa tenki lako ni gramu 160, yeyusha pembeni kwanza, weka nusu leo na nusu kesho, uiache siku kumi hata kama vidoa vimepotea siku ya nne, kwa sababu vikidondoka kwenye ngozi vinaenda kuzaana chini na vinarudi. Chumvi haipai na maji, kwa hiyo usiongeze nyingine mpaka utakapotoa maji, na hapo unarudisha ya kiasi ulichotoa tu.

La mwisho litakuuma kidogo. Godifishi ni samaki wa maji ya baridi, raha yake ni digrii 18 mpaka 23 hivi, na wanne wakikua lita 80 haziwatoshi hata kama ungekaa Lushoto. Hao ulionao watunze wanaweza kuzoea, lakini usinunue wengine. Gapi wako wala hawana neno, 28 kwao ni kawaida. Ukitaka kuongeza chukua samaki aina ya moli, au beta, ambaye ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu moja kwa moja, lakini beta dume awe mmoja tu na umchunguze asiwang'ate gapi mikia. Mi napenda sana watu wa pwani wafuge samaki wanaoendana na pwani, inaniuma kuona kiumbe anahema miezi minne kila mwaka kwa sababu tu ana rangi ya dhahabu.

SWALI: Habari mjomba, niko Kisauni, Mombasa. Mi nimeshaweka feni na pampu lakini stima zikipotea mchana kutwa nabaki naangalia tu. Nifanye nini masaa hayo?

JIBU: Usikae ukaangalia, chukua kikombe. Chota maji ya tenki, inua kama futi moja, mwaga taratibu yarudi, fanya hivyo dakika tano kila nusu saa, ni kazi lakini inaokoa kweli. Siku hiyo usiwape chakula kabisa, samaki mzima anavumilia siku mbili tatu bila kula. Kisha taulo jepesi lilowanishe uzungushe nje ya vioo na ncha yake itumbukie kwenye beseni la maji chini, linajinyonyea lenyewe na linapoa kama mtungi. Hapa ndo naruhusu barafu, chupa ya nusu lita iliyofungwa kifuniko, moja tu, kwenye tenki la lita 80 inashusha chini ya digrii moja, na usubiri saa nzima kabla ya nyingine. Ukipata pesa tafuta pampu ndogo ya hewa ya betri.

Kitu kimoja wengi kinawaponza, stima zikirudi baada ya saa nyingi filta inawashwa hapohapo. Wale bakteria wazuri waliomo ndani, wanaosafisha uchafu wa samaki, walikuwa wamekosa hewa, wengine wamekufa, na ule uozo unasukumwa wote kwa samaki. Chomoa, suuza sponji kwenye ndoo ya maji uliyotoa kwenye tenki, sio ya mfereji, ndo uwashe.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi Mzanzibari naishi Maskati. Ndani tuna eisii kwa hiyo tenki halina shida, shida ni kubadilisha maji. Kuanzia mwezi wa tano maji ya mfereji yanatoka moto mpaka huwezi kuosha uso. Nafanyaje?

JIBU: Waaleikum salaam. Hayo yanachemkia kwenye tangi la juu ya dari, nyumba nyingi za huko ndo zilivyo. Kama hita yenu ya maji ya kuogea iko ndani ya nyumba, izime kiangazi chote. Ile silinda inakaa kwenye ubaridi wa eisii, maji yakilala humo usiku kucha yanapoa, kwa hiyo alfajiri kabla watu hawajaoga fungua bomba la moto ujaze ndoo zako, la moto ndo litatoa maji ya baridi. Ziache chumbani wazi mpaka kesho yake, chovya kipimajoto kwenye ndoo na kwenye tenki, tofauti isizidi digrii moja au mbili ndo uwamiminie.

Na mkisafiri kuja nyumbani likizo msizime eisii ya chumba hicho. Iwekeni kwenye 27 au 28, na jirani apite kila siku kuhakikisha haijajizima.